Mbele ya Mvua

Wiki tatu zilizopita tulimzika Mwesigye nyumbani kwake Kakiika. Alikuwa mkubwa wangu wa kwanza kazini, afisa mipango wa baraza la mji mmoja mdogo, na nilimfanyia kazi ya uchapaji nikiwa msichana. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, kati ya watu waliovaa vizuri, nikasikia mheshimiwa mmoja akisimama kumsifu. Alisema marehemu alikuwa mtu wa mipango. Alisema malengo aliyoyapanga kwa mwaka yalitimizwa, tena kwa wakati wake, na kijana anayetaka kujua uongozi ni nini aende akasome ripoti zake. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, kwa sababu mikono hufuata mikono ya wengine. Mama aliyekaa pembeni yangu aliniinamia akaniuliza kama nahitaji maji, maana nilikuwa nimeshika kichwa. Alidhani ni uchungu wa msiba. Sikumwambia kwamba ripoti zile nilizipiga taipu mimi, kwa vidole hivi, na kwamba katika mojawapo kuna neno moja ambalo ningetoa mengi nisiwe nimeliandika.

Sitaeleza hapa jinsi tulivyotoka Kongo, wala habari za wazazi wangu. Hayo yana kurasa zake. Nataka kueleza mwaka mmoja tu, ule wa kwanza niliotoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kwenda kufanya kazi mjini. Mji wenyewe sitautaja. Ni mmoja wa ile midogo ya upande wetu, watu wake bado wako hai, na kosa ninalotaka kulieleza si la mji, ni langu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Bukavu nilikuwa nimesoma ukatibu miaka miwili, na siku moja pale Base Camp, kituo kikuu cha kambi, nikasikia mji fulani unatafuta mtu anayejua mashine. Nilikwenda. Mwesigye alinikalisha mbele ya taipureta, akaniwekea barua ya kunakili. Nilipiga haraka, kwa fahari, bila kutazama vidole, na niliponyanyua karatasi nikaona Mbarara imeandikwa kama kikohozi: herufi A zote zimekuwa Q, na M imekuwa nukta mbili. Mimi nilijifunza kwenye mashine ya Kifaransa, na herufi zake hazikai mahali pamoja na za Kiingereza. Nilitaka ardhi inimeze. Yeye alicheka hadi akavua miwani. Kisha akakata vipande vya karatasi, akaandika herufi kwa kalamu, akavibandika kwenye vitufe kimoja kimoja. "Wewe nazoea," aliniambia, kwa kile Kiswahili chake alichokipata jeshini. "Mwezi moja, vidole nasahau ile ya Wafaransa." Naandika haya ili isionekane kwamba alikuwa mtu mbaya. Hakuwa. Kama angekuwa mbaya, mambo yangu yangekuwa mepesi zaidi kuyabeba.

Alinipa kazi ya miezi minne, "halafu tutaona." Nilipata chumba kwa Hajjati Zuena, mjane mwenye binti wawili, nyuma ya soko. Kambini nilikuwa nalala chini ya shitingi, lile turubai la msaada linalopiga kelele upepo ukivuma, na jirani akigeuka kitandani unajua. Kwa Hajjati nilikuwa na mlango. Mlango wa mbao, wenye kitasa na ufunguo, na ufunguo ulikuwa wangu. Siku za kwanza nilikuwa naufunga na kuufungua bila sababu. Kulikuwa na dirisha linalotazama uani, ambako wale binti walichagua mchele kwenye ungo wakizungumza habari za wachumba, wakidhani sisikii. Ijumaa harufu ya pilau iliingia kabla ya adhana kwisha, na Hajjati alinibakizia sahani iliyofunikwa, akisema, "Mwanangu, Mkristo naye ana tumbo." Nilikipenda chumba kile kuliko ninavyoweza kueleza. Nasema hivyo kwa sababu ndicho nilichokiuzia roho yangu, na ni haki msomaji ajue kilivyokuwa.

Jumapili nilikuwa nakwenda bondeni. Chini ya mji kulikuwa na mto mdogo unaopita katikati ya mafunjo, na ng'ambo yake walipanga Wakongo kadhaa waliotoka kambini kama mimi, watu wa Kivu ya Kusini, wakulima na wachuuzi. Njia ya kuvuka ilikuwa magogo matatu ya mkaratusi yaliyolazwa tu. Kule waliishi ndugu wawili wa kike, Nabintu na mdogo wake Esperanse. Nabintu alikuwa mrefu, ana sauti ya mtu anayeita ng'ombe mlimani, na watu wa bondeni walikuwa wamemfanya msemaji wao bila kupiga kura. Esperanse alikuwa mnene, mwepesi wa kucheka, akikaanga samaki wa ziwa la Nakivale na kuwabeba kichwani ndani ya karai hadi sokoni kila siku ya gulio. Waliniita Faida wetu. Walinipikia bugali, ndio ugali, na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa siku hiyohiyo, Esperanse akiniwekea kichwa cha samaki, akisema mutu wa biro, mtu wa ofisini, lazima ale akili. Nilikula pale kama mtoto wa nyumba.

Mwezi wa tatu Mwesigye alianza kazi ya malengo ya mwaka, na hapo ndipo nilipojifunza jinsi mji unavyofikiri. Kila mtaa ulifanya kikao chake, watu wakasema wanachotaka, nami nikaandika. Orodha zote zilikuja ofisini. Baraza likazipunguza hadi malengo kumi, likayapanga kwa umuhimu, kisha kila lengo likapewa robo yake ya mwaka, maana mwaka wa serikali unaanza Julai, si Januari. Mwesigye alibandika karatasi kubwa ukutani, akaigawa safu nne kwa rula: Julai hadi Septemba, Oktoba hadi Disemba, na kuendelea. Aliipenda karatasi ile. "Kutaka, kila mtu nataka," aliniambia, akiigonga kwa penseli. "Mpaka mbwa nataka. Kazi ya sisi ni kusema lini." Nilidhani ni mzaha. Leo, baada ya miaka yote niliyofanya kazi hizi, najua hakuna jambo kubwa kuliko hilo alilowahi kunifundisha.

Kikao cha bondeni kilifanyika ndani ya kanisa lao, nyumba ya udongo yenye mabenchi ya mbao mbichi. Mimi nilikaa kando ya Mwesigye nikimtafsiria, kwa sababu Kiswahili cha kwetu kilimpita pembeni. Nabintu alisimama, akakifunga kitenge upya kiunoni.

"Siye batu ba bonde tunaomba kitu moja tu," alisema. "Mvula ikinyesha, ule muto unajaa, njia inakatika. Batoto habaende ku masomo, bamama habafike ku soko. Tunaomba kilalo. Na kijengwe mbele ya mvula. Musituletee kilalo kisha batu bamekufa."

Kilalo, kwa Kiswahili chetu cha Kongo, ni daraja. Na mbele ya mvula ni kabla ya mvua, kama kisha ilivyo baada ya. Mtu yeyote aliyekulia Bukavu au Uvira anajua. Nilimtafsiria Mwesigye hivyohivyo, na kwenye daftari nikaandika kwa Kiingereza changu cha kuchechemea: daraja, kabla ya mvua. Nilipiga mstari chini ya neno kabla. Naliona hadi leo lile daftari, jalada lake la kijani na alama ya kikombe cha chai.

Mwezi wa tano baraza lilipitisha. Nilikuwa ndani ya ukumbi, nikiandika kumbukumbu za mkutano. Daraja la bondeni lilikuwa lengo la kwanza, robo ya kwanza. Paa jipya la soko lilikuwa la nne, robo ya pili. Madiwani walinyanyua mikono, tukala matoke na mchuzi wa karanga, na Jumapili iliyofuata nilivuka magogo karibu nikikimbia, nikamwambia Nabintu. Hakupiga vigelegele. Alikaa chini juu ya kinu, akaniuliza, "Ya kwanza? Ya kwanza kabisa?" Nikamwambia ya kwanza kabisa. Esperanse ndiye aliyecheza, pale uani, na karai tupu mkononi.

Halafu ukaja mwezi wa sita. Nilikuwa nyuma ya kabati la mafaili, nikipanga karatasi za kurudufishia, mwenyekiti wa mji alipoingia ofisini kwa Mwesigye na kuacha mlango wazi. Walizungumza Kinyankole, ambacho wakati ule nilikielewa nusu, lakini nusu hiyo ilitosha. Mgeni mkubwa atakuja kutoka Kampala mwezi wa tisa, kuona soko. Paa liwe limekwisha. Mafundi ni kundi moja tu, hawawezi kuwa mahali pawili. Mwesigye aliguna. Alisema baraza limeshapitisha. Mwenyekiti akasema hatuondoi kitu, tunabadilishana nafasi tu, nani atahesabu miezi? Nilisikia penseli ya Mwesigye ikigonga meza. Kisha akasema sawa.

Alikuja kwangu baada ya chakula cha mchana, na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ratiba ya malengo, na mishale miwili ya penseli nyekundu: soko kwenda robo ya kwanza, daraja kwenda robo ya pili. Ya pili ilikuwa rasimu ya barua ya ajira yangu, ya kudumu, yenye nafasi tupu ya jina. Miezi yangu minne ilikuwa inakwisha wiki ile. Aliziweka moja juu ya nyingine.

"Hii piga kwanza," alisema, "halafu hii piga. Zote mbili mimi naweka sahihi leo."

Hakuna mtu aliyesema kwamba barua moja inategemea nyingine. Nimejiuliza mara nyingi kama ningekataa ile ya kwanza angeirarua ya pili, na kwa kweli sidhani. Nadhani angechukia siku mbili, kisha angetia sahihi. Lakini sikujaribu kujua. Nilisema neno moja tu.

"Lakini mvua, sebo," nikimwita bwana kwa lugha yao.

Alitazama dirishani, kule kwenye vumbi la mwezi wa sita. "Mvua ya Oktoba ni kidogo. Mpaka Novemba daraja iko tayari. Wewe nyabo, usiogope. Hatuondoi kitu."

Nikaingiza karatasi kwenye mashine. Vile vipande vya herufi alivyonibandikia vilikuwa vimeshabanduka zamani, vidole vyangu vilijua njia vyenyewe. Sikukosea hata herufi moja. Niliipiga ratiba, nikaipiga barua yangu, na jioni nilirudi kwa Hajjati nikafungua mlango wangu kwa ufunguo wangu.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kirefu. Mafundi walikuwa sokoni, nyundo zao zikisikika hadi ofisini, na mto wa bondeni ukapungua hadi watoto wakawa wanauruka kwa mguu mmoja. Ungeweza kujenga madaraja matatu. Mwezi wa nane Nabintu alikuja dirishani kwangu, ametoka shambani, ana jembe begani.

"Faida, bale bafundi batakuya siku gani?"

"Watakuja, dada."

"Mbele ya mvula?"

Kulikuwa na mtu mwingine ofisini, karani wa kodi, lakini hakuwa akisikiliza. Ningeweza kumwambia. Ningeweza kusema, dada, wamehamisha, njooni mpige kelele leo, bado kuna wiki kadhaa za jua. Watu wa bondeni wangekuja, nawajua. Nabintu peke yake angetosha. Nilisema tena, "Watakuja," nikarudisha macho kwenye mashine kana kwamba nina haraka. Aliniaga. Kosa la mwezi wa sita naweza kulieleza kwa woga. Hili la dirishani sina la kulielezea.

Mgeni alikuja, akalisifu soko. Esperanse alipata meza chini ya paa jipya, upande usiopigwa na jua, na siku ile aliniwekea samaki mzima, amemfunga kwa jani la mgomba. "Aksanti kwa kazi yenu mu biro," aliniambia. Nilimla yule samaki chumbani kwangu, mlango umefungwa, na alikuwa mtamu.

Mvua ilianza wiki ya pili ya Oktoba na haikuwa kidogo. Mafundi walishuka bondeni, wakachimba mashimo ya nguzo, maji yakayajaza. Wakachimba tena, yakajaa tena. Wakasema wangoje. Novemba, siku ya gulio, asubuhi kiasi cha saa tatu, akina mama watano walivuka wakifuatana. Esperanse alikuwa wa nne, na karai lake la samaki kichwani. Gogo la katikati lilikuwa limelegea kwenye matope ya mashimo yale, likageuka alipolikanyaga. Aliyekuwa nyuma yake alisimulia kwamba Esperanse hakupiga kelele. Alinyoosha mikono yote miwili kulizuia karai lisianguke, na kama angeliachia karai hilo pengine angeshika kitu. Walimpata mchana, chini kwenye mafunjo.

Mimi nilikuja nyumbani kula, nikamkuta Hajjati amesimama uani, mikono kiunoni. "Yule mwenye samaki," aliniambia, "yule mdogo wake Nabintu. Maji yamemchukua." Niliteremka mbio hadi mtoni. Magogo hayakuwepo tena, na maji ya rangi ya chai yalikuwa yamepanda hadi kwenye njia. Ng'ambo kulikuwa na kilio. Nilisikia sauti ya Nabintu ikipanda juu ya zote, ikiita jina. Nilisimama upande wa mjini, sikuweza kwenda kwao, nao hawakuweza kuja kwangu. Nilikaa pale mpaka viatu vyangu vikazama. Wengine waliokuwa pembeni yangu walisema, baraza lingejenga daraja mapema haya yasingetokea, na mmoja akanitazama, kwa kuwa nilikuwa mtu wa baraza, nikatikisa kichwa kama mtu anayesikitika nao.

Baada ya mazishi, maji yalipopungua, watu wa bondeni walivuka wakapanda mjini. Walikuwa kama arobaini, wamelowa, wakajaza ukumbi. Mwesigye aliwapokea kwa heshima, akawapa pole, na ninaamini ilitoka moyoni kwa sababu mikono yake haikutulia. Mzee mmoja akauliza kwa nini daraja halikujengwa wakati wa jua kama walivyoomba. Mwesigye akaifungua ratiba. Niliitambua karatasi yangu hata kabla hajainyoosha.

"Hapa imeandikwa Oktoba mpaka Disemba," alisema. "Ndiyo baraza nafuata."

"Hatukuomba Oktoba," Nabintu alisema. Alikuwa amesimama nyuma kabisa, amenyolewa nywele za msiba. "Mimi mwenyewe nilisema. Mbele ya mvula."

Mwesigye akasema, taratibu, kama mtu anayeona mlango umefunguka mahali asipoutarajia, "Mbele. Wewe nasema mbele. Huku kwetu mbele ni huko mbele, baadaye. Pengine watu nasikia hivyo."

Minong'ono ikapita ukumbini. Baadhi yao walikuwa wameishi Uganda vya kutosha kujua kwamba maneno yetu huwapotosha wenyeji, kwamba unaweza kuomba kitu sokoni ukapewa kingine. Nikaona nyuso zikigeuka kutoka kwa Mwesigye kwenda kwa Nabintu, moja moja. Naye hakuwatazama. Alinitazama mimi.

"Faida, wewe njo ulikuwa unatafsiri. Ubaambie. Nilisema mbele ya mvula, na wewe uliandika namna gani?"

Daftari la kijani lilikuwa ofisini, hatua kumi kutoka pale. Ningeweza kwenda kulileta. Mwesigye hakunigeukia, alikuwa anaitazama meza, na nadhani, naomba kuamini, kwamba alikuwa anasubiri nililete na mambo yaishe. Nilifikiria chumba changu. Ni aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa: mbele ya watu arobaini waliotoka kuzika, nilifikiria kitasa cha mlango.

"Sikumbuki vizuri," nilisema.

Watu wakaanza kutoka, polepole. Nilisikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake kwenye ngazi, "Kumbe ni Nabintu. Hakujua kusema." Mwenzake akajibu, "Na sauti yake yote ile."

Mvua zilipokatika mwanzoni mwa Disemba mafundi walifanya kazi bila kupumzika, na daraja likaisha siku chache kabla ya Krismasi: zege, nguzo za chuma pande zote, zuri kabisa. Lilikuwa bado ndani ya robo ya pili. Mwezi wa pili Mwesigye aliniletea ripoti ya nusu mwaka, akakaa kwenye kona ya meza yangu wakati naipiga, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. Kila lengo lilikuwa na mstari wake: lengo, robo, hali. Nilipofika kwenye daraja la bondeni niliacha vidole hewani. Kisha nikaandika: Limetimizwa. Lilikuwa neno la kweli, na ndiyo maana hakuna mtu aliyewahi kulikagua. Mwesigye alinyanyuka, akaniwekea mkono begani kwa muda, akaenda zake. Tulifanya kazi pamoja miaka saba mingine na hatukuzungumza habari hiyo hata mara moja.

Nabintu alikuwa ameshaondoka. Alirudi kambini Nakivale mwezi uleule wa Disemba, na jamaa kadhaa wa bondeni wakarudi nyuma yake. Habari zake nilizisikia kwa watu. Kwamba hasemi tena kwenye vikao. Kwamba watu, si kwa ubaya, kwa mazoea tu, wanamwita Mama Mbele. Mimi nilipanda, nikaenda kufanya kazi Mbarara, nikaolewa, nikazeeka kidogo kidogo. Nilitoka kwa Hajjati bila kuaga vizuri, kwa sababu kile chumba nilikuwa nimeanza kukiogopa. Kutoka Mbarara hadi Nakivale ni safari ya asubuhi moja. Nilijiambia nitaenda Pasaka, kisha nitaenda mavuno yakiisha. Mimi niliyepanga ratiba za mitaa mizima sikuweza kulipangia jambo hili siku yake.

Siku ya nne baada ya kumzika Mwesigye nilikwenda. Pale Base Camp niliuliza habari za Nabintu, hakuna aliyemjua. Nikauliza Mama Mbele, na kijana wa bodaboda akaniambia panda. Nyumba yake ni ya udongo yenye bati, na nje kulikuwa na maharagwe yameanikwa. Alikuwa amepungua, magoti yanamsumbua, lakini alinitambua kabla sijashuka.

"Faida wetu! Karibu mu nyumba."

Ningesema palepale. Badala yake nilikaa, nikamwacha apike. Nilikula bugali yake na ndagala, dagaa wa kwetu, huku akiniuliza habari za watoto wangu, kwa sauti ya chini, ya chini sana, ikanilazimu kuinama ili nimsikie. Niliponawa mikono ndipo nikamweleza. Nilimweleza yote: mwenyekiti, penseli nyekundu, barua ya ajira, siku ile ya dirishani, daftari. Nilimwambia niliandika kabla ya mvua, nikapiga mstari chini yake, na kwamba siku ile ukumbini nilikumbuka kila kitu.

Aliendelea kufuta sufuria ambayo ilikuwa imeshakauka.

"Miaka yote hii," alisema mwishowe, "nilikuwa nazani ni mudomo yangu njo iliua Esperanse."

"Nisamehe, dada."

"Usiniombe hiyo sasa." Aliiweka sufuria chini. "Sema tena. Ile ya mbele ya mvula. Ulisikia namna gani?"

"Nilisikia kabla ya mvua."

"Sema tena."

Nikasema tena. Akanyanyuka kwa shida, akaenda mlangoni, akamwita jirani yake, mama mmoja aliyekuwa anapepeta mahindi. Nilimtambua kwa kovu la kidevuni. Alikuwa mmoja wa wale waliovuka siku ile ya gulio. "Mama Sifa, kuya hapa. Faida ana neno." Yule mama akaingia, akinitazama. Nabintu akanielekeza kwa kidevu. "Umuambie."

Nilimwambia. Mama Sifa alishika kichwa, akalia, akatoka, na habari akatoka nayo, kwa sababu baada ya kitambo wakaja wawili wengine, kisha mzee mmoja na mkongojo wake. Kwa kila aliyeingia Nabintu alisema, "Umuambie," nami nikaanza upya, tangu mwenyekiti hadi daftari. Kuna aliyenitukana. Kuna aliyeuliza maswali kama hakimu. Yule mzee hakuniambia mimi kitu. Alimgeukia Nabintu, akavua kofia yake, akasimama hivyo mbele yake. Kila niliporudia nilidhani itakuwa rahisi, na kila mara nilipofika kwenye maneno sikumbuki vizuri, nilitazama sakafu.

Jua lilipoanza kushuka nilimwambia lazima niwahi gari la Mbarara. Hakunisindikiza. Alibaki ameketi mlangoni, miguu ameinyoosha.

"Batu ba huko juu ya kambi habajasikia," alisema. "Kesho utarudi."

Nikalala Base Camp, kwenye chumba cha wageni nyuma ya duka. Asubuhi nilipofika kwake niliyakuta mabenchi ameshayapanga uani, safu nne, yamejaa watu, na hakuna nafasi iliyokuwa wazi isipokuwa ya kusimama, mbele.